Habari za Mtu Aliyetaka Baisikeli Ipande Mlima

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa milimani, na mtu wa milimani aijua baisikeli kwa sura mbili. Asubuhi akishuka kwenda sokoni, baisikeli humbeba yeye na mkungu wake wa ndizi, naye hana kazi ila kushika breki na kuomba zisikatike. Jioni mambo hugeuka, yeye ndiye amchukuaye mwenziwe. Hushika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili, akaisukuma kati ya miti kona baada ya kona, jasho likimtiririka, na mama mwenye mtungi kichwani akampita na kumwamkia. Watoto humcheka, maana wamwona mtu mwenye gari anayekwenda kwa miguu.

Nataka kueleza kwamba huko kushuka na kusukuma kuna historia yake. Zamani si nyingi watu wa Ulaya waliligombania jambo hili zaidi ya miaka 30. Wengine walisema ni aibu mwanamume kusaidiwa na chombo chake kupanda mlima. Wengine walisema si aibu hata kidogo. Nitasimulia habari za mtu mmoja wa upande huu wa pili, na mlima mmoja wenye msitu alioupanda mara nyingi kuliko awezavyo mtu kuhesabu.

Kwanza tukumbuke kwamba chombo chenyewe kilitoka mikononi mwa bwana misitu. Karl von Drais, Mjerumani wa nchi ya Baden, alijifunza kazi ya misitu na kupewa cheo katika kazi hiyo. Tarehe 12 Juni 1817 alitoka katika mji wa Mannheim amepanda gari la mti lenye magurudumu mawili, moja mbele ya jingine. Halikuwa na pedeli wala mnyororo. Alikaa katikati na kupiga miguu chini, kulia na kushoto, kama mtu akimbiaye huku ameketi. Mwaka uo huo akasafiri nalo katika vilima vya Msitu Mweusi, toka Gernsbach mpaka Baden. Basi safari ya baisikeli katika milima yenye miti si jambo lililozuka baadaye. Ilizaliwa pamoja na chombo.

Mambo yaliyofuata wengi wameyasikia, nami sitayarefusha. Pedeli zilitiwa huko Paris katika miaka ya 1860, zikafungwa katika gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akaonyesha baisikeli yake iitwayo Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Nayo ndiyo bibi wa baisikeli zetu zote. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaandikisha mpira wake wa kujazwa upepo. Tangu hapo mtu aliweza kwenda mbali juu ya barabara mbaya bila kuvunjwa mifupa. Lakini mlima ulibaki mlima.

Sasa twende Saint-Étienne. Mji huu u katika nchi ya Ufaransa, upande wa kusini-mashariki, umezungukwa na vilima. Zamani watu wake walijulikana kwa kazi tatu: kuchimba makaa ya mawe, kufua bunduki, na kufuma tepe za hariri. Fundi aliyezoea kutengeneza mtutu wa bunduki hakuona taabu kubwa kutengeneza mabomba ya baisikeli, ndiyo maana kazi ya baisikeli ilishika mizizi huko mapema.

Katika biashara ya hariri alikuwamo Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 huko Pernes, nchi ya kusini yenye jua. Alipata baisikeli yake ya kwanza mwaka 1881, ya namna ile ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, naye alikuwa na miaka 28. Si mtoto tena. Mwaka 1887 aliiacha hariri kabisa, akafungua duka la baisikeli alizoagiza kutoka Coventry, akaanzisha na gazeti la waendesha baisikeli, lililoitwa baadaye Le Cycliste. Humo aliandika kwa jina la Vélocio, na kwa jina hilo watu wamemkumbuka.

Ukitoka Saint-Étienne kwa barabara ya kusini, mara waanza kupanda, na kupanda huko hakuishi kwa muda wa kilometa 12 hivi. Nyumba hupungua, misonobari huongezeka, mpaka pande zote mbili waona vigogo virefu vilivyosimama kama nguzo za kanisa. Mahali barabara ivukapo mgongo wa mlima, kwa urefu wa meta 1,161, paitwa Col de la République, na jina lake la pili ni Col du Grand Bois, yaani Kivuko cha Msitu Mkubwa. Ng'ambo ya pili barabara hushuka kuelekea bonde la mto Rhône, na kutoka huko waweza kwenda mpaka bahari.

Mlima huu ndio uliokuwa darasa la Vivie. Alipotaka kujua kama baisikeli ni nzuri, hakuuliza aliyeiuza. Aliipandisha Grand Bois. Husimuliwa kwamba siku moja, karibu na mwaka 1889, alipokuwa akipanda huko kwa nguvu zake zote, kijana mmoja mwenye kiko mdomoni alimpita polepole wala hakutweta. Kama ilikuwa hivyo kweli au wanafunzi wake waliitia chumvi, haidhuru, maana swali lake ni la kweli. Mtu wa makamo akiona nguvu zake hazitoshi mlima, afanye nini? Aweza kuacha safari. Aweza kushuka na kusukuma. Au aweza kukibadili chombo.

Hapa napenda kueleza kazi ya gia, kwa kuwa wengi huiona wasijue maana yake. Tuseme gurudumu la meno lililo penye pedeli lina meno 48, na lile dogo la nyuma lina meno 16. Miguu ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara tatu, na baisikeli husogea kama meta sita. Katika tambarare ni vema sana. Mlimani, hizo meta sita ni kama gunia zima la mahindi: mwenye nguvu huliinua mara moja akaenda nalo, asiyeweza huliacha chini. Sasa tuweke mbele meno 30 na nyuma meno 20. Miguu ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara moja na nusu tu. Gunia limegawanywa mafungu mawili. Mlima haukupungua, wala mzigo haukupungua. Ila mtu huubeba kidogo kidogo kwa safari nyingi, na jioni mahindi yote yamo ghalani.

Vivie akaweka magurudumu mawili ya meno mahali pa moja. Mwanzoni mnyororo ulihamishwa kwa mkono: mtu akifika chini ya mlima husimama, akachafua vidole, akaendelea. Baadaye yeye na wenzake walijaribu njia nyingi, baisikeli za minyororo miwili, na nyingine ambazo mtu hupiga pedeli kinyumenyume apate gia nyepesi. Kabla ya vita ya mwaka 1914 Joanny Panel, mtu wa mji uo huo, alitengeneza kifaa cha kuusukuma mnyororo toka jino hata jino huku baisikeli inakwenda, akakiita Chemineau, yaani msafiri wa miguu azungukaye nchi. Kifaa cha namna hiyo ndicho kilicho katika baisikeli za gia nyingi hata leo.

Lakini tusidhani kwamba mtu huyu alipenda vyuma tu. Alipenda kutazama nchi. Yeye na marafiki zake walitoka Saint-Étienne usiku, taa zikiwaka, wakaupita msitu gizani, na alfajiri wakawa ng'ambo wakilitazama bonde. Kila Pasaka walishuka mpaka Provence, nchi ya kuzaliwa kwake, wakala pamoja na kurudi. Waliokwenda naye walikuwa wazee na vijana, na wanawake pia. Aliwapa shauri zake za safari, nazo ni za mtu aliyejifunza kwa mwili wake: kula kabla njaa haijaja na kunywa kabla ya kiu, kuvaa nguo kabla ya baridi, kutopumzika mara nyingi wala muda mrefu, kujiepusha na divai, tumbako na nyama wakiwa safarini, na kutopiga pedeli kamwe kwa ajili ya majivuno. Juu ya divai na tumbako wachungaji wetu watampa mkono. Juu ya nyama, nawajua wazee wa kwetu, hawatakubali.

Hilo shauri la mwisho ndilo lililoleta ugomvi, maana huko Paris palikuwa na mtu aliyejenga kazi yake juu ya majivuno ya wenye nguvu. Henri Desgrange alikuwa bingwa wa baisikeli, kisha akawa mwenye kuongoza gazeti la L'Auto. Ili gazeti lipate wanunuzi, mwaka 1903 alianzisha mashindano ya kuizunguka Ufaransa, yaitwayo Tour de France, ambayo yamekuwa makubwa kuliko yote duniani. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliandika kwamba gia za kubadili zawafaa watu waliopita umri wa miaka 45. Mwanamume na ashinde kwa nguvu ya misuli yake, si kwa ufundi wa chuma. Akaweka sheria katika mashindano yake kufuata maneno hayo.

Maneno ya Desgrange yana mvuto, na wanafunzi wangu wakubwa wakiyasikia huyashangilia. Lakini nawauliza, je, mnyororo si ufundi wa chuma? Na mpira wa upepo je? Aliyetaka misuli mitupu angekwenda kwa miguu. Zakayo alikuwa mfupi wa kimo, akapanda mkuyu apate kuona. Hatusomi kwamba aliambiwa asimame chini pamoja na warefu.

Basi angalia jinsi mlima wa Grand Bois ulivyoingia katika habari hii. Katika mashindano yale ya kwanza ya 1903, siku ya pili waliposhindana toka Lyon mpaka Marseille, njia ya kilometa 374, ilipita pale pale. Ndio mgongo wa kwanza wa mlima uliozidi meta 1,000 katika Tour de France, nao walioupanda walikuwa na gia nzito moja tu. Mwaka uliofuata, 1904, waliupanda tena usiku. Alikuwapo mshindani wa Saint-Étienne, Alfred Faure, na watu wa mjini kwake walijificha katika giza la msitu wenye fimbo na mawe. Faure alipopita walimwachia njia. Wenzake walipofika waliwaangukia na kuwapiga. Mwitaliano Giovanni Gerbi aliumizwa hata hakuweza kuendelea. Wasimamizi walipiga bastola juu ndipo kundi likatawanyika. Mashindano ya mwaka huo yaliharibika kwa hila nyingine nyingi pia, hata washindi wanne wa kwanza walivuliwa ushindi, akapewa Henri Cornet, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 20. Katika msitu ule ule ambamo Vivie na wenziwe walipita usiku wakizungumza, ndugu wa nchi moja walivunjana mikono kwa ajili ya mtu wa kwao.

Desgrange hakukoma kutafuta milima. Mwaka 1905 aliwapeleka katika Ballon d'Alsace, mlima wa misitu upande wa mashariki, naye mwenyewe hakudhani mtu ataupanda bila kushuka. René Pottier akaupanda. Mwaka 1910 akawapeleka Pyrenees, ambako dubu walikuwa wangali wakiishi, juu ya barabara zilizokuwa njia za mbuzi kuliko barabara. Octave Lapize aliyeshinda mwaka huo alivuka kivuko cha Tourmalet, meta 2,115, mahali pengine akipanda na mahali pengine akisukuma kwa miguu kama sisi tutokao sokoni.

Lakini habari nipendayo kuliko zote ni ya Eugène Christophe, mwaka 1913. Aliposhuka Tourmalet uma wa mbele wa baisikeli yake ulikatika. Sheria ilikataza mshindani kusaidiwa na mtu yeyote, au kupewa chombo kingine. Akaitwika baisikeli begani, akateremka nayo zaidi ya kilometa 10, huku wenziwe wote wakimpita, mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan chenye duka la mhunzi. Mhunzi hakuruhusiwa kushika nyundo. Alisimama akimwelekeza kwa maneno. Christophe mwenyewe alishika koleo, akatia chuma motoni, akafua, akaunga. Wasimamizi walisimama mlangoni wakimtazama. Ila mtu hana mikono mitatu, na moto lazima upulizwe. Basi mtoto mmoja alimvukutia mivukuto. Kwa ajili ya mtoto huyo Christophe aliongezewa dakika za adhabu. Kila mara nikifika hapa darasani watoto hunyamaza, kisha mmoja huuliza kama mtoto yule naye aliadhibiwa.

Muda huo wote, washindani walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande mbili. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakalegeza nati, wakaligeuza gurudumu, wakafunga. Na juu ya mlima vivyo hivyo tena. Katika baridi ya theluji, vidole vikiwa vimekufa ganzi, kazi hiyo ilikuwa adhabu. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika miaka ile ya 1920, bibi wa makamo aliyekwenda msituni siku yake ya mapumziko kuchuma uyoga aliweza kuwa na baisikeli ya gia tatu au nne, na bingwa wa Ufaransa hana.

Vivie hakuona mwisho wa shauri. Mwaka 1930, akiwa na miaka 76, aligongwa na gari la tramu katika mji wake wa Saint-Étienne, akafa. Aliyekuwa amevuka milima usiku na katika mvua alipatikana na ajali karibu na nyumbani. Tangu mwaka 1922, yeye mwenyewe akiwapo, watu walikuwa wameanza kukusanyika siku moja katika mwaka kuupanda mlima wake kwa heshima yake, na juu kabisa, mahali barabara ivukapo, pana jiwe la kumbukumbu lake.

Desgrange aliugua, na mwaka 1936 akaacha kuongoza. Mwaka uliofuata, 1937, walioshika mahali pake waliruhusu gia za kubadili, naye Roger Lapébie akashinda akiwa nazo. Hakuna aliyemwita mzee. Wala milima haikuwa rahisi, kama Desgrange alivyoogopa. Kwa kuwa mwenye nguvu akipewa gia nyepesi hatembei polepole, bali hupanda mbio zaidi.

Jambo hilo limeonekana hata karibu na kwetu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, katika nchi ya Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikwenda zaidi ya kilometa 267 wakipanda na kushuka vilima, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Kila mmoja wao alikuwa na gia nyingi kuliko alizopata kuota Vivie, na hata hivyo waliofika mwisho ni 30 tu. Rwanda wana mashindano yao pia ya kila mwaka, ambayo katika miaka kadhaa yamepita katika msitu wa Nyungwe, ambako barabara ya lami huzunguka kati ya miti mikubwa na nyani hukaa pembezoni wakitazama.

Lakini katika barabara hizo hizo, washindani wakiisha kupita, hupita watu wengine. Wachukuzi wa viazi na mikungu ya ndizi wana baisikeli za gia moja, kama ile ya baba zetu. Na ukivuka mpaka ukafika Goma, katika Kongo, utaona chombo kiitwacho chukudu. Ni gari la mti mtupu, magurudumu mawili, moja mbele ya jingine, yamezungushiwa kipande cha mpira wa gari uliochakaa. Halina pedeli wala mnyororo. Bwana Drais angelifufuka leo angelitambua mara moja kuwa ni mjukuu wake, ingawa waliolitengeneza hawakumwiga. Mwenye chukudu huweka goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu wa pili, naye huteremka toka mashamba ya milimani na mamia ya kilo za viazi, kuni na makaa. Watu wa Goma wanaliheshimu, hata mwaka 2009 walisimamishiwa katikati ya mji sanamu kubwa ya mtu na chukudu lake, yenye rangi ya dhahabu.

Mzigo ukiisha kuuzwa, mwenye chukudu huligeuza kuelekea mlimani. Huko hupanda akilisukuma, na pakiwa na mteremko mkali au tope, mwenziwe huacha la kwake kando ya njia, akamsaidia mpaka kona ya juu. Kisha wote wawili hurudi chini kulichukua la pili.